“Mdomo haufunguki tangu lini?” Kisa cha taya lililogoma baada ya dawa ya usingizi

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya mgonjwa mwenyewe, nimebadili vitu vidogo vidogo ili asijulikane, na hospitali sitaitaja. Naandika hasa kwa watoa usingizi wenzangu mlioko hospitali za wilaya na mikoa, kule ambako uko wewe na sista mmoja na mashine ya siku nyingi, lakini pia kwa ndugu wa wagonjwa, maana humu ndani kuna mahali ndugu angeokoa kila kitu kwa sentensi moja, ila hakuna aliyemuuliza.

Mgonjwa ni kijana wa miaka 27, fundi pikipiki, kilo 62. Alikuja na uvimbe upande wa kushoto wa uso, umeanzia chini ya sikio umeshuka mpaka kwenye kona ya taya, homa 38.6, siku 4 hajala kitu kigumu, anakunywa uji tu na chai. Gego la mwisho la chini kushoto limeoza. Mdomo haufunguki. Daktari wa meno akaangalia akasema ni jipu, lifunguliwe na jino litoke hapohapo, na kwa kuwa mdomo haufunguki ganzi ya ndani haipigiki, kwahiyo ni nusu kaputi. Kwa maelezo hayo kila kitu kilikuwa kinaeleweka na mimi sikuona sababu ya kubisha.

Nikaenda wodini kumpima. Kifua safi, moyo safi, hana pumu, hajawahi kufanyiwa operesheni, hana aleji. Nikamwambia fungua mdomo, akafungua kidogo sana, ncha ya kidole changu kidogo haiingii kati ya meno. Nilikadiria milimita 8. Nikamuuliza, “Mdomo haufunguki tangu lini?” Akajibu kwa shida, meno yamebanana, “Siku nne dokta.” Nikaandika siku 4. Jipu, maumivu, misuli ya kutafunia imekaza kujilinda, ukimlaza na kulegeza misuli taya litafunguka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na kwa wagonjwa wengi wa jipu la jino ndivyo inavyokuwa kweli, nimeshaona mara nyingi mtu ambaye mdomo haupiti hata kijiko akilala tu taya linaachia kama mlango uliotolewa komeo. Ndo maana sikuogopa.

Sasa ngoja nieleze nilichokuwa nimekiona na sikukisoma. Kijana alikuwa na ndevu, ndevu nzito zilizotunzwa. Chini ya zile ndevu kidevu kilikuwa kidogo na kimerudi nyuma na kimevutika kushoto, na katikati ya kidevu kulikuwa na kovu la zamani. Uso upande wa kushoto ulikuwa umejaa kuliko kulia, ila kushoto ndo kulikuwa na jipu, nani angewaza kingine? Meno ya mbele ya chini yalikuwa nyuma sana ya yale ya juu na yamesongamana. Vyote hivyo vilikuwa mbele ya macho yangu, kwenye fomu nikaandika “mdomo 8 mm, jipu” nikasaini.

Thieta tukaanza saa 4 asubuhi. Nikamwekea oksijeni ya maski dakika 3, na maski ilikuwa inavuja pembeni kwa sababu ya ndevu, nilisikia ule mvujo na nikaubonyeza tu kwa mkono. Ketamini ya kumlaza miligramu 100, halafu saksametoniamu ya kulegeza misuli miligramu 100, maana nilitaka dawa inayoshika haraka na kuisha haraka. Misuli ikachezacheza, ikatulia. Nikachukua laringoskopu, kifaa cha kutazamia koo ili niweke tyubu, yaani mpira wa kupumulia unaoingia kwenye bomba la hewa, nikaweka kidole gumba kwenye meno ya chini na cha shahada kwenye ya juu nifungue.

Haikufunguka. Yaani hata milimita moja haikuongezeka, na sio kwamba ilikuwa inakaza, misuli ilikuwa laini kabisa chini ya vidole vyangu, shavu linatikisika, lakini taya limekaa kama lililogandishwa kwa saruji. Kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba saksametoniamu yenyewe imekaza msuli wa kutafunia, maana hiyo inatokea kwa baadhi ya watu, na hapo nilipoteza karibu dakika nzima nikisubiri iachie. Mwenzangu aliyekuja kunisaidia akasema ongeza dozi nyingine, nikakataa, na hilo ni moja kati ya mambo machache niliyofanya sawa asubuhi ile, kwa sababu kuongeza dozi ni kuongeza muda ambao mgonjwa hapumui mwenyewe, na dozi ya pili inaweza kushusha mapigo ya moyo vibaya. Dawa haiwezi kulegeza mfupa.

Nikarudi kwenye maski. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo kiini cha kisa chote kwa upande wa njia ya hewa. Mgonjwa akilala ulimi unarudi nyuma unaziba koo, na sisi tunaufungua kwa kusukuma taya mbele, vidole nyuma ya kona za taya, unalivuta juu. Ule msogeo unatoka wapi? Unatoka kwenye kiungo cha taya kilichopo mbele ya sikio. Kiungo kile kinafanya kazi mbili, kwanza kinazunguka, hiyo inakupa kama milimita 20 hadi 25 za mwanzo, halafu kichwa cha mfupa kinateleza mbele na ndo unapata nafasi iliyobaki mpaka kufikia 35 hadi 50 ya mtu mzima wa kawaida. Tunaposukuma taya mbele tunatumia ule mtelezo. Kama kiungo kimeota mfupa kikaungana na fuvu kuzunguka kunabaki kidogo sana na kuteleza hakuna, kwahiyo mgonjwa wa namna hii hajakunyima laringoskopu peke yake, amekunyima na njia ya kumsaidia kwa maski. Na njia ya hewa ya plastiki ya mdomoni haipiti kwenye milimita 8. Na maski ya koo, ile inayokaa juu ya koromeo, nayo haipiti. Vile vitu vyote tulivyozoea kuviita mpango wa pili na wa tatu vinapita mdomoni, na mdomo haupo.

Oksimita, ile ya kupima asilimia ya oksijeni kwenye damu, ikaanza kushuka. Wanaofanya hii kazi mnaijua ile sauti, inavyozidi kuwa nzito kila mpigo. 94, 88, 81. Ilishuka haraka kwa sababu ile oksijeni ya mwanzo ilikuwa imevuja kwenye ndevu, mapafu hayakuwa na akiba niliyodhani yanayo. Nikasema kwa sauti, “Siwezi kuweka tyubu, na maski haiingizi hewa vizuri.” Nililazimika kujilazimisha kuisema ile sentensi, kuna kitu ndani ya mtu kinataka kujaribu mara moja tena kimyakimya. Nikamwambia sista aandae kisu cha kukata shingoni tumfungulie njia ya hewa. Akasema kisu kiko ndani ya seti iliyofungwa, seti iko kabati la nje.

Akatoka mbio. Mimi nikashika maski kwa mikono miwili, mwenzangu akabana mfuko, daktari wa meno akamwaga jeli nyingi kwenye ndevu ili maski ishike, na nikaweka mpira laini wa puani, namba 7, umepakwa jeli, ukateleza pua ya kulia taratibu bila kutoa damu. Nilishawishika sana kuchukua tyubu ngumu nisukume puani kwa kubahatisha, hilo nalisema wazi, lakini pua ikitoka damu pale ndo ingekuwa mwisho, huwezi kunyonya damu kutoka kwenye koo ambalo mdomo wake haufunguki. Tukainua mabega kidogo, kichwa tukakilaza nyuma. Namba ya chini kabisa niliyoiona ni 68. Halafu kifua kikapanda, kidogo, kikapanda tena, 74, 83, 91. Sista akarudi na seti imefunguliwa, kisu kikakaa kwenye trei, na kidole changu kilikuwa kimeshatafuta ule utando wa shingoni kati ya gegedu la juu na pete iliyo chini yake. Hatukukata. Dawa ikaanza kuisha, akaanza kupumua mwenyewe kupitia ule mpira wa puani, na ketamini ikamwacha taratibu baada ya dakika kadhaa. Tulimsubiri mpaka akafungua macho na kubana mkono wangu.

Operesheni ikasitishwa. Nikatoka nje kuongea na ndugu, nilikuwa natetemeka miguu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi na kikapu cha uji. Nikamwambia mama, tumeshindwa kumlaza vizuri, taya lake halikufunguka hata baada ya dawa. Akanitazama akasema, “Mwanangu, huyu taya lake halifunguki tangu darasa la pili. Alianguka kwenye mwembe akapiga kidevu, tukamshona hapo kwa kidevu tu, basi polepole mdomo ukawa unafunga. Chakula namsagia miaka yote.”

Miaka 20. Na mimi nimeandika siku 4.

Baadaye nilirudi kwa kijana nikamuuliza mbona hukuniambia, akasema, “Dokta uliuliza haufunguki tangu lini, mimi nikajua unauliza huu uvimbe. Ule mwingine mimi nimeuzoea, huwa naufungua kidogo inatosha.” Hakudanganya. Yeye mdomo wake wa kawaida ni milimita 11, ndo anaouita mdomo unaofunguka, na kutoka 11 kushuka 8 ndo kuumwa. Swali langu lilikuwa na dhana ndani yake kwamba kabla ya siku hizo mdomo ulikuwa kama wangu. Tangu siku ile siulizi hivyo tena. Nauliza: ulipokuwa mzima kabisa, kabla ya kuumwa huku, vidole vyako vingapi vilikuwa vinaingia? Ulikuwa unaweza kung'ata embe? Kupiga mwayo? Na namuuliza anayempikia.

Sasa tuchambue.

Kwanza yenyewe ile hali. Kiungo cha taya kikiumia utotoni, hasa mtoto akianguka akapiga kidevu, nguvu inapanda kwenye mifupa mpaka kwenye kichwa cha taya mbele ya masikio, kinaweza kuvunjika au kuvujia damu ndani ya kiungo, na kwa kuwa nje kunaonekana kidonda cha kidevu tu, kinashonwa kidevu na mtoto anarudi nyumbani. Ile damu na vipande vya mfupa vinageuka mfupa taratibu, na mtoto anaumia hivyo hataki kufungua mdomo, na kutofungua kunaharakisha kuungana. Njia nyingine ni usaha wa sikio uliopuuzwa ukapenya mpaka kwenye kiungo. Nasisitiza hili kwa wanaofanya kazi wagonjwa wa nje: mtoto aliyeanguka kidevu mpime kufungua mdomo siku ile, na mpangie arudi umpime tena, usishone ukamaliza.

Halafu kwa kuwa sehemu ya ukuaji wa taya ipo palepale kwenye kichwa cha mfupa, taya linabaki dogo. Ikiwa ni upande mmoja kidevu kinavutika kwenda upande ulioumia, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa, upande mgonjwa ndo unaonekana umejaa na upande mzima unaonekana bapa. Taya dogo linasukuma ulimi nyuma, kwahiyo wengi wanakoroma na wanakatikakatika pumzi usingizini. Mama yake alithibitisha, alisema akilala chali anashtuka kama anayezama. Mtu ambaye njia yake ya hewa inaziba akiwa usingizi wake wa kawaida wa kitandani, mimi nilikwenda kumpa usingizi mzito zaidi na kumlegeza misuli yote. Swali la kukoroma ni la bure, halihitaji kifaa, na sikuliuliza.

Hata lile gego lililooza linatoka hukohuko. Mswaki haufiki nyuma, daktari wa meno hafiki nyuma, chakula kinakaa. Kwahiyo watu wenye taya lililoungana watakuja kwetu na jipu la jino, hiyo ndo milango wanayoingilia, na jipu lenyewe linaficha kilicho chini yake.

Tofauti ya taya lililofungwa na maumivu na lililofungwa na mfupa unaweza kuipata kitandani kwa dakika mbili. Weka ncha za vidole mbele ya matundu ya masikio mwambie afungue na kufunga, kiungo kizima utakisikia kinateleza chini ya kidole, kilichoungana hutasikia kitu. Mwambie asogeze meno ya chini mbele ya ya juu, au ang'ate mdomo wa juu kwa meno ya chini. Mwenye jipu atajitahidi na ataumia, utaona nia ya msogeo, mwenye mfupa hakuna kinachotikisika na wala haumii sana pale. Mtazame kwa pembeni, sio mbele tu. Mwenye ndevu zishike ndevu, tafuta kidevu kwa mkono, ikibidi muombe anyoe, na muulize kovu limetoka wapi. Na kuna kundi la katikati ambalo nalo ni hatari, wale waliofungwa na makovu ya nyama: aliyeugua noma, ule ugonjwa unaoozesha mdomo na uso, utotoni, aliyechomwa mionzi ya saratani, jipu la wiki nyingi. Hao nao usitegemee dawa iwafungue. Kama huna uhakika yuko kundi gani mhesabu ni mfupa.

Pili, je, nusu kaputi ilihitajika kweli? Hili linaniuma kuliko yote. Baada ya kuamka tulikaa, daktari wa meno, mimi, na daktari wa upasuaji tukamuita, na tukakubaliana jambo dogo kabisa: jipu lilikuwa limeshuka mpaka chini ya kona ya taya, linabonyea kwa nje. Mchana uleule akiwa macho, amekaa nusu, tukampiga ganzi ya ngozini kwa nje, likafunguliwa, usaha ukatoka mwingi, tukaacha mrija, dawa za kuua bakteria za mshipa. Nusu saa. Jino tuliliacha, jino linaweza kusubiri, pumzi haisubiri. Kesho yake homa imeshuka. Mpango huo ulikuwepo tangu asubuhi, ila sote tulikuwa tumeshikilia kumaliza mambo mawili kwa mara moja, jipu na jino, na ile hamu ya kumaliza kwa pamoja ndo iliyotupeleka kwenye usingizi. Mtoa usingizi ana haki ya kuuliza “hii sehemu tu tunaweza kufanya kwa ganzi?” na asionekane mwoga.

Tatu, kama ingekuwa lazima alale, mfano utumbo umetoboka na hakuna kusubiri, ungefanyaje? Kanuni ni moja, asiondolewe pumzi yake mpaka tyubu ikae. Yaani anawekewa tyubu puani akiwa macho, amepewa ganzi ya pua na koo. Watu wanafikiri hiyo ni teknolojia ya hospitali kubwa tu, lakini historia yake inasema vingine. Baada ya vita kuu ya kwanza kule Sidcup Uingereza, watoa usingizi Ivan Magill na Stanley Rowbotham walikuwa wanawalaza askari waliosagwa nyuso na mataya kwa upasuaji wa Harold Gillies, daktari wa kurekebisha nyuso, na hapo ndo walipokuza ufundi wa kupitisha tyubu puani kwa kusikiliza pumzi tu, bila kuona. Mwaka 1963 mtoa usingizi Waters aliandika juu ya wagonjwa wa noma Nigeria, nyuso zimefungwa na makovu, alichoma sindano kwenye ule utando wa shingoni akapitisha uzi wa plastiki kwenda juu mpaka utokee nje, kisha tyubu ikafuata uzi kurudi chini. Na mwaka 1967 London, Peter Murphy alichukua kamera ya nyuzi iliyotengenezwa kutazamia mirija ya nyongo akaipitisha puani kumwekea tyubu mgonjwa mwenye ugonjwa wa viungo wa utotoni. Ukiangalia, wote hao walisukumwa na mgonjwa wa aina hii hii, ambaye mdomo wake si njia. Mmoja wao alikuwa Afrika, na kifaa chake ni sindano na mrija mwembamba, wa aina ile inayotumika kwa ganzi ya mgongo ya epidurali.

Sisemi kila mtu akajaribu kesho. Kupitisha puani bila kuona kunahitaji mkono uliozoea, na kama kuna jipu ndani ya koo lenyewe hapana kabisa, unaweza kulipasua na usaha ukaingia mapafuni. Na pale ambapo vyote havipo, njia ya heshima ni daktari wa upasuaji kufungua shingo kwa ganzi mgonjwa akiwa macho, au gari la wagonjwa. Sindano ya mgongo kwa operesheni za chini ya kitovu nayo ni nzuri, mimi naitumia, ila ikumbukwe haiondoi tatizo la njia ya hewa, inaliahirisha tu, ikipanda juu sana au ikigoma katikati utarudi kwenye mdomo uleule, kwahiyo hata ukichoma mgongo mpango wa hewa uwe umeshakaa mezani.

Uingereza mwaka 2011 walitoa ripoti kubwa ya ajali za njia ya hewa nchi nzima kwa mwaka mmoja, matukio 184, na moja ya walichokikuta ni kwamba wagonjwa waliostahili kuwekewa tyubu wakiwa macho walilazwa kwanza, kwenye hospitali zenye kila kamera. Kwahiyo mimi sikubali tena ile kauli ya “tatizo letu vifaa”. Vifaa ni tatizo, kweli, najua uchungu wake. Lakini asubuhi ile kilichokosekana cha kwanza kilikuwa swali.

Sasa mwendelezo wa mgonjwa. Siku ya 5 uvimbe umeisha, maumivu hamna, nikampima kwa rula: milimita 11. Hapo ndo tukawa na uhakika bila hata picha. Picha ikaja kuthibitisha, kushoto pale panapotakiwa kuwa na nafasi nyeusi ya kiungo palikuwa na donge la mfupa limeungana na fuvu. Tukaandika rufaa, na kwenye barua nikaandika kwa herufi kubwa kilichotokea, dozi, namba 68, mpira wa puani namba 7 pua ya kulia ulifanya kazi. Nikampa na nakala aikunje akae nayo pamoja na kadi ya bima, maana ndani ya faili haimsaidii akipata ajali ya pikipiki mkoa mwingine. Hiyo nakala nawaomba mfanye, karatasi moja tu.

Niliomba ruhusa nikaenda naye siku ya operesheni nijionee. Walimnyoa ndevu. Walimweleza kila hatua, na mtaalamu wa pale alimshika bega akamwambia, “Kaka, hutalala mpaka nione bomba limekaa.” Dawa ya kukausha mate, matone ya kubana mishipa ya pua, ganzi ya lignokeini ya kupuliza puani na kooni kidogokidogo, wanahesabu miligramu wasizidi 9 kwa kilo, oksijeni pua ya pili inaendelea muda wote. Kamera ikapita, kwenye skrini tukaona koromeo linafunguka na kufunga kwa pumzi yake mwenyewe, halafu pete za bomba la hewa, tyubu namba 6.5 ikateleza juu ya kamera. Alikohoa mara mbili. Mashine ikachora mawimbi ya kaboni dioksidi, sita mfululizo, ushahidi kwamba tyubu iko kwenye bomba la hewa, ndipo dawa ya usingizi ikaingia. Hakuna aliyepandisha sauti kwenye chumba kile. Mimi nilisimama ukutani nikiikumbuka ile oksimita yetu.

Donge likakatwa, msuli wa pembeni ya kichwa ukashushwa kujaza nafasi ili mifupa isikutane tena, mdomo ukafunguka milimita 36 mezani. Na hata hapo hawakumtoa tyubu haraka, kwa sababu mdomo umefunguka lakini kidevu bado ni kidogo na kuna uvimbe wa upasuaji, walisubiri aamke kabisa, afuate maagizo, ndipo ikatoka.

Kazi ngumu ilianza baadaye. Mazoezi ya kufungua mdomo kila siku, na yanauma, wengi wanaacha na mfupa unarudi. Alipewa vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi, anavipanga kimoja juu ya kingine kati ya meno, kila wiki anaongeza kimoja. Mama yake ndo alikuwa anahesabu. Aliniambia kwa simu, “Leo vimeingia 17, analia lakini vimeingia.” Miezi 7 baadaye alikuja, rula ikasoma 32. Kidevu bado kidogo, kukoroma kumepungua ila kupo, na wamemwambia kuna operesheni nyingine ya kurefusha taya akitaka, anafikiria.

Kwetu kisu, kijiti cha kuongozea na tyubu namba 6 sasa viko kwenye mfuko mmoja umegandishwa kwa plasta ubavuni mwa mashine ya usingizi, sista anaukagua kila asubuhi pamoja na silinda. Na fomu yetu ya kupima mgonjwa nimeongeza mstari kwa kalamu mpaka zitakapochapwa nyingine: alipokuwa mzima vidole vingapi, na nani amethibitisha.

Lile gego lilitolewa siku hiyohiyo aliyokuja kupimwa. Ganzi ya kawaida, ndani ya mdomo, dakika 20, akiwa amekaa kwenye kiti anaangalia dari.